Chupa za Matope Kwenye Friji

Baba Watoto,

Sisi hatujambo. Watoto wanakula kama mchwa, na bomba la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa.

Friji la maabara liliharibika, basi maji na matope ya utafiti wetu, tuliyochota pale mto unapoingia baharini, nikayahifadhi kwenye friji letu. Nilimwambia mama yako, "Mama, chupa hizi usiziguse, ndiyo kazi yangu ya masika yote."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Jana nilikuta chupa zote zinang'aa, zimejaa maji ya kunywa. Matope ameyamwaga uani. Nisikufiche, nilifoka. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Samahani, dada. Mwenye nyumba akirudi nitamweleza."

Nilidhani ananitania, unamjua mama kwa utani. Kumbe hakunitambua. Hasira ikaniishia palepale. Nikamketisha, nikamchemshia chai, tukanywa kama wageni wawili. Chai haijapoa, akaniita mkwe na kuuliza mbona nimenuna.

Leo nimekwenda naye kazini, maana sikuthubutu kumwacha peke yake. Alikaa kwenye boti akinishikia chupa huku nikichota upya. Mkuu wangu alimvalisha jaketi la kuokolea maisha. Lakini matope ya masika hayarudi, kwa hayo itabidi tungoje mwakani.

Jumatatu nampeleka kwa daktari. Wewe omba ruhusa uje upesi. Bado anakutaja kwa jina, na ningependa umkute hivyo.

Ni mimi,
Mama Watoto