Vidonge Chini ya Blanketi

Gi-tae, uko? Usimwonyeshe mtu ujumbe huu.

Unakumbuka vile vidonge vya mke wangu Dan-bi, vya bakteria wazuri, ambavyo anajiwekea ukeni ili yale maambukizi yasirudi tena. Daktari alisema vikae kwenye friji. Hii ni wiki ya tatu anavitumia. Jumatatu muwasho ukarudi, na ile harufu.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwuliza analala na nani. Mbele ya mama. Ndiyo, nilisema hivyo.

Leo Dan-bi kawahi kutoka kazini. Akakuta kisanduku cha dawa chumbani kwa mama, juu ya sakafu inayopashwa moto, kimefunikwa blanketi. Akakishika. Kina moto kama kiazi cha kuchoma!

"Mama, hiki kimefikaje hapa?" akamwuliza.

"Nakitoa kila asubuhi, mwanangu, jioni nakirudisha. Kitu cha baridi hakiingizwi tumboni mwa mwanamke! Unataka wajukuu wangu wagande?"

Kila asubuhi, Gi-tae. Kila asubuhi! Bakteria walishakufa, yeye anajiwekea maiti tu.

Nikaanza kumfokea mama. Dan-bi akanishika mkono. Hakulia hata kidogo.

"Mwache mama. Yeye alidhani ananisaidia. Wewe ulidhani nini?"

Nikakichukua kisanduku, nikakirudisha kwenye friji.

Sasa Dan-bi yuko chumbani kwetu anafunga mizigo. Anakunja hadi magauni ya kiangazi, na nje theluji inaanguka.