Mbio Ulizomwachia Mutua

Baba Mwende,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zimetoka kwa shida. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Nauliza kwanza hali ya mama yako: mgongo umemwachilia? Mwende amezoea bweni? Na wewe, sukari yako ikoje? Nimeandika na kumpa mwenzangu anayekuja likizo kwa sababu kwenye simu ukianza utani wako nacheka, na nikicheka hasira inaniponyoka. Safari hii nataka ikufikie nzima.

Unakumbuka tulivyoanza. Daktari wa Machakos alikuambia sukari imepanda na mwili lazima uutembeze. Ukaniambia ukikimbia peke yako utachoka upesi, lakini mimi nikikimbia huku nawe utakimbia huko. Mimi ambaye tangu shule sijawahi kukimbia chochote ila mvua! Nikanunua raba. Tukaweka ile programu ya simu inayochora njia mtu aliyopita, na tukakubaliana kwamba nikija likizo tutakimbia nusu marathoni ya Machakos mjini, bega kwa bega.

Nikaanza. Huku Uingereza asubuhi ina baridi ya kukata masikio, na kabla ya kwenda kuwaogesha wazee ninaowatunza nilikuwa barabarani nikihema. Mwanzo nilikuwa nakimbia kidogo, natembea sana. Lakini kila nikiamka nakuta wewe umeshamaliza: umetoka nyumbani mpaka Tala, hata kile kilima cha kanisani umekipanda. Nikaona haya, nikaongeza mwendo. Kucha za miguu zikawa nyeusi, goti likavimba, nikalifunga bandeji nikaendelea. Wenzangu kazini wakisikia Kenya wanadhani sote tulizaliwa tukikimbia. Niliwaeleza kwamba sisi Wakamba tunajulikana kwa ngoma na kuchonga vinyago, lakini mume wangu sasa amekuwa swala.

Hao hao, nilipowaonyesha njia yako kwenye simu, ndio walioniuliza mbona swala wangu husimama sana. Nikaikuza ramani. Baba Mwende, barabara hiyo nimeipita nikiwa bibi harusi, nikiwa mjamzito, nikiwa na maji mgongoni. Naijua lango kwa lango. Ulisimama kwa Mama Ndunge. Ulisimama kwa mwalimu mstaafu. Kwa shangazi yako, aliyeuza ng'ombe wake wakati wa kiangazi, hukusimama hata siku moja. Mtu aliyechoka hupumua popote. Wewe ulikuwa unapumua kwa wenye ng'ombe tu. Na mwisho wa safari ni pale sokoni maziwa yanapopokelewa. Nikajua simu yako inasafiri kwenye baiskeli ya Mutua, yule anayekusanya maziwa, katikati ya mitungi.

Nilipokupigia ulicheka kwanza. Halafu ukasema, "Siku ya kwanza nilikimbia, haki. Watu walitoka kwa mageti wakaniuliza ni nani amekufa. Mama Ndunge akanifuata mpaka nyumbani akilia. Niliskia aibu, nikampatia Mutua simu."

Nakuelewa. Kwetu mtu mzima hakimbii barabarani asubuhi bila msiba au mwizi. Kama ungeniambia siku hiyo hiyo tungecheka pamoja tukatafuta njia nyingine, hata utembee tu na jembe begani watu wadhani unaenda shamba. Lakini ulinyamaza miezi yote hiyo. Nilikupongeza, ukasema asante. Nilikuambia goti linauma, ukanipa moyo nisikate tamaa, na wewe umekaa unakunywa chai. Umenisaliti, na neno hilo silipunguzi.

Sikuwa nakimbia kwa ajili ya medali. Baba yako alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kidonda mpaka tukamzika. Kila asubuhi nilikuwa naitazama ile ramani nikijiambia huyu wangu hatafika huko, huyu nitazeeka naye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nawe hukuyaficha tu, umeyatafutia na baiskeli.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua mgongo iko kwenye mzigo unaokuja na barua hii. Msalimie dada yako wa Matuu, na Mwende akija kutoka shuleni umwambie nampenda. Mutua naye msalimie, hana kosa, alikuwa kazini.

Mbio sitaziacha, maana sasa mwili umezizoea na zinanipunguzia upweke. Ila ile programu nimeifuta. Ukiniambia umekimbia, sitajua kama ni kweli. Ukiniambia sukari imeshuka, sitajua pia, na hilo linaniuma kuliko goti. Kwa hiyo nenda Machakos ukapimwe, na uende na mama mpaka ndani kwa daktari. Majibu atanieleza mama mwenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Mwende