Herufi Mbili Chini ya Karatasi

Kadutu, 9 Februari 1975

Yaya Rosalie, dada yangu mkubwa,

Kabla hujasoma zaidi, funga mlango. Ninakuomba kwa upendo wa Maman: haya yote yabaki kati yetu, hata katekista Philémon asisikie. Muko wazima huko Shabunda? Goti la Maman linaendeleaje? Wanafunzi wako wanakusikiliza? Mimi niko muzima, mafua tu.

Yaya, nimeziona! Jumanne ndege mbili za Macchi zilitua uwanja wa ndege wa Kavumu, ndege za vita zenyewe, na mirija ya roketi chini ya mabawa. Zilipopita juu ya soko la Kadutu, wamama walijitupa juu ya mihogo yao. Mimi nilisimama uwanjani mdomo wazi, upepo wa ndege ukabeba karatasi zangu zote za mizigo.

Sasa kazi yangu unaijua: ukarani katika ofisi ya mizigo ya jeshi. Shida yetu ni vifupisho. Habari zinazofika kwa foni, ile redio ya jeshi, hazina neno zima. FAL ni bunduki, Fusil Automatique Léger. DC ya DC-3 ni Douglas Commercial. Lakini PM? Kwa mmoja ni Police Militaire, polisi wa jeshi, kwa mwingine ni Pistolet-Mitrailleur, bunduki fupi. Juzi ilikuja «PM 6», komanda akaamuru tutandike vitanda sita. Zikashuka bunduki sita!

Basi nimetengeneza orodha: vifupisho sitini na viwili, kila kimoja na maana zake zote. Nimeipiga kwa mashine, na kaboni katikati. Nakala moja ni yangu, nyingine iko humu. Hakuna aliyenituma, ni furaha tu, na hiyo ndiyo inaniogopesha: wanaweza kuniita mpelelezi.

Unijibu kupitia Modeste, fundi wa DC-3 inayokuja Shabunda. Mkononi mwake tu.

Mdogo wako,
Stanislas


Shabunda, 2 Machi 1975

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Goti la Maman limepona kiasi cha kumfukuza mbuzi. Amenisikia nikitamka FAL, na sasa anawatishia nayo kuku wake. Mafua yako yameisha? Unakula?

Nimeisoma orodha yote. Ni nzuri. Lakini tazama chini, upande wa kushoto: umepiga S.K. Najua, mafrère wa shule ya misioni walikufundisha kwamba kila karani atie herufi zake chini ya alichokipiga. Lakini ni mwaka wa tatu sasa tangu serikali itukataze majina ya ubatizo. Kazini wewe ni citoyen Kitoga wa Mulonda. K.M., Stanislas! Kichwa chako kimebadili jina, vidole bado viko misani.

Angalia sana.

Yaya wako,
Rosalie


Kadutu, 11 Machi 1975

Yaya,

Choma orodha. Ichome kabla ya kuniuliza kama niko muzima.

Nakala yangu ilibaki ndani ya sanduku la kaboni. Ajida, msaidizi wa komanda, ameiokota. Jana komanda alitupanga makarani na askari wote mbele ya meza yake.

«Nani anamuandikia adui silaha zetu?»

«S.K., komanda,» ajida akasema, «ni Section Katanga! Wale waasi wamerudi!»

«Hapana, ni Soviet na Kuba,» sajenti mmoja akadakia.

«Cuba inaanza na C, weye! Ulisoma wapi?» ajida akamfokea.

«Basi Shabunda-Kindu. Njia ya silaha.»

Niliposikia Shabunda, nilikumbuka ile nakala iliyo kwako. Wakafungua daftari la wafanyakazi, jina kwa jina. S.K. hakuna. Majina ya ubatizo yalikwisha futwa humo zamani. Nilikuwa nimesimama mita mbili mbele yao, Yaya, na sikuwemo! Kicheko nikakigeuza kikohozi.

Komanda ameifungia orodha ndani ya saraka yake. Akimpata mwenyewe, atamtuma Kinshasa na pingu. Jina langu la ubatizo lisiandikwe tena popote.

Mdogo wako


Shabunda, 20 Machi 1975

Mdogo wangu,

Nimeichoma, na jivu nimelimwaga mtoni. Lakini kaa chini kwanza.

Nilikuwa Mwenga kwa mkutano wa walimu. Maman alikukumbuka sana, akamwambia Philémon akuandikie. Hakujua kitu cha hatari hii, wewe ndiye uliyesema asijue. Hawakumngoja Modeste. Barua imeenda na ndege ya Jumatatu, moja kwa moja ofisini kwako. Juu ya bahasha Philémon ameandika, kwa ile hati yake nzuri ya kanisani: Stanislas Kitoga.

Kama unaweza kukimbia, kimbia. Maman analia na hajui kwa nini ninamkasirikia.

Rosalie


Kavumu, 3 Aprili 1975

Yaya wangu,

Niko hai! Mwambie Maman, na umuombe msamaha.

Komanda aliniita peke yangu. Bahasha ilikuwa mezani.

«Funga mlango. Stanislas ni nani?»

«Ni… ni mimi, komanda.»

Akavuta saraka, akatoa orodha yangu. Yaya, ilikuwa imechakaa! Imekunjwa na kukunjuliwa, imejaa alama za penseli na duara la kikombe cha kahawa. Alikuwa anaisoma kila siku.

«Miaka miwili ninapokea habari za foni na kuitikia kwa kichwa tu bila kuelewa,» akasema polepole. «Vile vitanda sita, askari wangali wananicheka. Umepata wapi hizi zote?»

«Kwa kuuliza mafundi, komanda.»

«Mimi sikuweza kuuliza. Komanda haulizi.» Akachana ule ukingo wenye herufi mbili, akauchoma kwa sigara yake. «Nilibatizwa Xavier. Sasa kila mmoja anajua la mwenzake. Utaniandikia nyingine, na ndege zote ndani.»

Kesho ananichukua Kamina, kwenye kambi kubwa ya ndege, kwa ile ndege Hercules C-130! C ya C-130 ni cargo, na mzigo ni mimi.

Sikiliza. Barua mpe Modeste. Atamfikishia Clémence anayeuza chumvi Cimpunda, naye ana kaka Kamina atakayenipa. Philémon asiguse bahasha. Nje andika Kitoga wa Mulonda, kwa herufi kubwa, usiongeze kitu.

Ndani, Yaya, niite jina langu.

Mdogo wako