Maji ya Mvua kwa Matumbawe Yako

Baba,

Leo ni Jumatano, siku ya thelathini na nane tangu utuache, na nimekukasirikia. Naandika humu kwenye diari kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitalia, na kulia nimelia vya kutosha. Mola akulaze pema, unisamehe na sauti yangu. Sasa nisikilize.

Mtu aliyefuga matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni kwake miaka kumi na sita hawezi kuondoka bila kuacha hata karatasi moja. Nimetafuta. Nimefungua droo zote, kabati la dawa, kopo la misumari, mifuko ya koti lako la Idi. Nilichopata ni bahasha moja imeandikwa “taa”, na ndani hamna kitu. Taa nini, Baba? Iwashwe saa ngapi? Kila nilipokuuliza jambo ulisema “kiasi”. Chakula? Kiasi. Maji yabadilishwe kila baada ya siku ngapi? “Yenyewe yatakwambia.” Mimi ni karani wa shule. Napanga faili kutwa, na hakuna faili lililowahi kuniambia kitu lenyewe.

Basi nikaanza vyangu. Siku ya tatu, watu wa matanga hawajamaliza kutoka, nikachora jedwali: joto la asubuhi, joto la alasiri, saa ya kuwasha taa, saa ya kuizima, chumvi, kina cha maji. Feni kubwa ilikuwa ikizunguka mchana kutwa kwa ajili ya wageni, na maji ya tangi yakishuka vidole viwili kila siku. Niliona wazi la kufanya. Maji ya bahari yamepungua, basi naongeza maji ya bahari. Nikitoka kazini Tudor napanda tuktuk hadi Kizingo, nasubiri maji yajae, naingia mpaka magotini na sketi yangu ya ofisini, nachota madumu mawili. Mwenye tuktuk akaniuliza kama napika chumvi nyumbani. Nikamwambia ni dawa ya miguu. Kumweleza ni kazi.

Na chumvi nilikuwa napima, hilo nataka ulijue. Kile kisanduku chako cha plastiki chenye mshale nilikitia maji ya tangi kila asubuhi, nikaandika: sawa. Kesho yake: sawa. Mara ishirini na nane nimeandika “sawa” kwa mkono wangu, na chini ya neno nimepiga mstari. Sikujua kuwa mshale umegandana na chumvi kavu, hausogei hata ukitiwa maji ya mfereji. Wewe ulijua. Ndiyo maana ulikuwa ukichovya kidole na kulamba, nami nikidhani ni mchezo wako tu. Sasa kipimo kibovu unakiweka juu ya tangi, unakipangusa vumbi kila Ijumaa, ili iwe nini?

Matumbawe yakaanza kufa. Kwanza yale laini yenye umbo la uyoga, yalijikunja yasifunguke tena. Siku ya kumi na tisa lile kubwa la vidole likaanza kuwa jeupe kwenye ncha. Nikalaumu kila kitu: udi uliofukizwa siku za matanga, stima inayokatika, taa. Nikamlaumu hata Mama kwa kufungua dirisha. Mama akanitazama, akalifunga dirisha, akarudi kwenye kiti chake mbele ya kioo cha tangi. Tangu aingie eda hapo ndipo anapokaa, asubuhi mpaka magharibi.

Siku ya ishirini na tisa akaja Ami Salim, ndugu yako. Unamjua. Mama akaingia nyuma ya pazia, naye Ami akainama kwenye kioo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi. Akasema mawe haya yamekufa, tangi litoke kabla ya arobaini, wanaume wapate pa kukaa kwa hitima. Kumbe ameshapata na mtu wa kulichukua, mwenye duka karibu na lake pale Marikiti, anataka kulifanya kabati la kuonyeshea halua. Nikamwambia bado yanaishi.

“Nuru, mwanangu,” akasema, “baba yako mwenyewe tulimlilia siku tatu. Haya mawe yana nini hata yakaliwe matanga ya mwezi?”

Mama ndiye aliyejibu. Tangu siku ya maziko alikuwa hajamwambia mtu zaidi ya salamu.

“Shemeji, nimebakisha miezi mitatu na zaidi ya kukaa ndani. Mlangoni sitoki. Hiyo ndiyo barabara yangu. Ukiiondoa, nitazame ukuta?”

Ami akakohoa. Mwishowe akasema tutaona: yakiwa hai ikifika arobaini, tangi libaki. Yakifa, litoke. Nikabaki na siku kumi na moja na jedwali lililojaa “sawa”.

Siku ya thelathini na moja nilipanda kitandani nikashusha sanduku la diari zangu za shule. Sikuwa natafuta dawa. Nilitaka tu kujua lile la vidole liliingia nyumbani lini, nijue umri wa kitu ninachokiua. Nikalipata, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Mtu mmoja wa Kizingo aliyefuga kama wewe alikuwa anahama, akakupa kipande kisichozidi chembe ya karafuu, kimegandishwa kwenye kijiwe. Nikafungua ukurasa unaofuata. Nanakili kama nilivyoandika:

“Baba amenituma tena juu ya paa kuchota maji ya mvua ya matumbawe. Nina mtihani kesho. Nimemwambia basi aongeze ya bahari tu. Amesema jua na upepo huchukua maji, chumvi huiacha, kwa hiyo ukiongeza ya bahari unatia chumvi juu ya chumvi. Akanifanya niseme mara tatu. Ananiudhi.”

Nilisoma nimesimama juu ya kitanda. Kisha nikaenda nikachovya kidole kwenye tangi, nikalamba. Ulimi uliwaka. Wiki nne, Baba, nilikuwa nayatia achari kwa mikono yangu, kwa saa na tarehe.

Nikapanda juu. Pipa la buluu liko palepale, limejaa, kifuniko umekifunga kwa kamba ya kiatu. Nilitaka kumimina ndoo nzima, bahati nikageuza ukurasa mwingine: “Kikombe asubuhi, kikombe jioni, yasishtuke. Mvua ya kwanza imwagwe, inaosha paa.” Yote yamo. Mwandiko wangu wa kitoto na malalamiko yangu ya kitoto, na katikati yake wewe, unanituma.

Yale ya uyoga yamekwisha, sitakuficha. La mviringo limebaki nusu. Lakini leo asubuhi nikiwa napiga mswaki Mama aliniita, sauti yake ile ya zamani: “Nuru, njoo, yamefungua.” Kwenye kidole cha tatu cha lile kubwa, vile vinywa vidogo vilikuwa vimetoka vinapepea. Ami alipita akienda dukani, akavaa miwani, akakaa hapo muda mrefu. Akasema watu wa hitima watakaa barazani. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama mtu asiyetaka kujua: “Haya, hula nini?” Nikamwambia, kiasi.

Najua ungesema nini sasa. Ungesema, si uliandika mwenyewe? Niliandika kwa sababu uliniudhi, na pengine ulijua. Lakini ungeweza kuniambia tu, Baba, kama wazazi wengine, siku moja, tumekaa.

Kisanduku nimekitupa. Nimenunua kingine, na kabla ya kukisoma nalamba kwanza. Siku Mama atakapovuka kizingiti hiki kumaliza eda, atayaacha nyuma yake yakiwa hai, hilo nakuahidi, na baada ya hapo pia. Na juu ya tangi nitabandika karatasi yenye kila kitu, ili nikifa mimi mtu asisumbuke.

Lala, Baba. Pipa nimelifunika.

Mwanao,
Nuru