Panya Hawana Wakwe

Kalangalala, Geita
14 Agosti 1987

Kaka yangu Ignas,

Shikamoo. Naamini hujambo, na kwamba shemeji Ghati ameshapona kile kikohozi nilichomwacha nacho nilipopita kwenu Shinyanga. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii.

Unajua nimekuja kumpa pole dada yetu Scolastika kwa kufiwa na mtoto wa pili. Ambalo hukuambiwa ni kwamba kule Mwanza eksirei ilionyesha moyo wa mtoto umekaa kulia na ini kushoto. Mumewe, Mihayo, akawasimulia baba zake wadogo. Wakasema mtoto aligeuzwa tumboni. Wakaenda kwa mganga, wakarudi na jina: Limi, mama mzazi wa Mihayo, anayeishi nao hapa nyumbani.

Kaka, kule Uingereza kazi yangu ni panya wenye shida hiyohiyo. Dume na jike wazima kabisa wanazaa, na katika watoto wanatokea wenye moyo kulia. Kila mzazi amebeba nusu ya kasoro bila kuumwa. Mtoto akizipata nusu zote mbili, mwili haujui tena upande wa kuweka viungo. Wengine hukaa sawa kwa bahati, wengine hugeuka wote na kuishi, wengine huvurugika nusunusu, na hao ndio hufa. Tunawazalisha kizazi baada ya kizazi tukitafuta kasoro imekaa sehemu gani ya nyuzi za urithi. Bado hatujaipata.

Mihayo aliporudi kutoka machimboni Bulyanhulu nilimweleza yote hayo. Akauliza nani aliwaroga hao panya. Nikamjibu hakuna. Akacheka kwa uchungu, akasema, "Shemeji, panya hawana wakwe. Kama si uchawi, basi ni damu yangu na ya mke wangu. Hilo nikamwambie Scolastika?"

Jumapili wazee walikaa kikao. Walisema Limi asipoondoka, litakalompata wao wasiulizwe. Panga lilikuwa limeegemezwa mlangoni, na hakuna aliyekuwa anatoka shamba. Hapo nikavua shati, nikauchukua mkono wa Mihayo nikauweka kifuani kwangu, upande wa kulia.

Ndiyo, kaka. Moyo wangu uko huko tangu nizaliwe. Nilijua nilipopimwa Uingereza, na marehemu mama alikufa hajui. Niliwaambia wazee kwamba nilipokuwa tumboni, Limi hakuwa akiijua hata njia ya kwetu. Mihayo alilia machozi. Mzee mmoja akasema kumbe hata mimi nilichezewa, wakaondoka bila kuaga. Tangu hapo mbwa akibweka tu Scolastika anashika komeo la mlango, nami nasimama nyuma yake sijui nitafanya nini.

Kwa hiyo nimekata shauri bila kukuuliza. Mama aliyekukabidhi barua hii ndiye Limi. Mwanawe mwenyewe kampandisha basi, na hana mzigo ila khanga alizovaa. Hajui kusoma, wala hajui kama utamkubali. Usimhoji mlangoni. Mwite mayu, kama tulivyomwita mama yetu, tena kwa sauti majirani wasikie.

Scolastika na Mihayo wanakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Nijibu kwa mkono wa dereva wa basi hilohilo, neno moja tu linatosha: amefika.

Mdogo wako,
Donatus