Nataka Kumpiga Kabla Hajawa Shemeji

Mpendwa Mama Sue,

Naomba unisaidie kabla sijakosa mke na pigano kwa mpigo mmoja. Mimi ni bondia wa hapa Kaptembwo, Nakuru, nina miaka ishirini na tisa, asubuhi nachomelea milango na madirisha kwenye karakana ya mjomba wangu na jioni niko ukumbini nafanya mazoezi, na ukitembea nami kutoka nyumbani hadi steji ya matatu utasikia watu wakiniuliza swali moja tu, watu wa boda boda, mama mboga, hata mzee wa kanisa: Thuo utapigana naye lini? Na mimi sina jibu, na kibaya zaidi, kukosa jibu hilo ndiko kunakonizuia kuoa.

Thuo ni bondia wa Molo, uzani wetu ni mmoja, yeye hajashindwa na mimi sijashindwa. Zamani, kabla televisheni hazijatujua, tulikuwa tunapanda ulingo mmoja siku moja, kila mtu na mpinzani wake, mbele ya watu wasiojaza hata viti vya plastiki, na wakati huo mtu angetuambia tupigane sisi kwa sisi tungepigana kwa soda na nauli. Siku moja ya kupima uzani nilikuwa nimeshinda njaa ili nifike kilo zinazotakiwa, nikashuka kwenye mizani macho yananizunguka, na dada yake Thuo alikuwa amemletea kaka yake uji kwenye thamosi, akanitazama, akamimina kikombe, akanipa akasema, "Kunywa, usituangukie hapa." Huyo ndiye Jackie. Ana duka la dawa za mifugo huko Molo, ana akili kunishinda, na nampenda, sina njia nyingine ya kuisema.

Sasa sikia televisheni zilivyoingia. Mkuki TV walinisaini kupitia promota wangu Kamande, mkataba wa miaka mitatu, nipigane Jumamosi kwenye kituo chao na nisionekane kwenye kituo kingine chochote, iwe napigana au nacheka tu, na haukupita muda Zumari TV nao wakamsaini Thuo vivyo hivyo kwa Ijumaa zao. Tukafurahi, nani asingefurahi, picha yangu ikabandikwa kwenye bango kubwa pale mjini. Wakatufundisha kutupiana maneno, mimi kwangu na yeye kwake, mimi nikasema Thuo ana mikono ya kuchimba viazi, yeye akasema nichomelee miguu yangu isitetemeke, na nchi nzima ikaanza kulitaka hilo pigano. Lakini wanaoletwa nipigane nao ni watu wengine kabisa. Wa mwisho aliniuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo kama raundi ni dakika mbili au tatu, na nilipomgusa ubavuni akalala kama mtu aliyefika nyumbani. Nikimuuliza Kamande mbona simpati Thuo, ananiambia, "Boss, hiyo fight wacha iive kwanza. Na ukipigwa, masponsa nitawauzia nini?"

Mwaka jana nikapiga moyo konde, nikaenda Molo na wajomba zangu wawili kwa mzee Gathogo, baba yao Jackie na Thuo, kupeleka posa. Mzee alitupokea vizuri, tukala, tukaomba, kisha akasema maneno ambayo yamenikaa kichwani mpaka leo: "Kijana, mimi sina shida na wewe. Lakini kwetu shemeji hapigwi, hata kwa mchezo. Ukishaoa huyu, wewe na Thuo mmemalizana na ngumi. Sasa nyinyi mmetangaza kwa TV mtapigana, watu wote wamesikia. Piganeni kwanza mmalize, alafu mkuje tuongee mahari." Wajomba zangu wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu hata kwetu Wabukusu mkwe ni mtu wa heshima, huwezi kumwinulia mkono. Nikatoka pale na furaha, nikidhani ni jambo la mwezi mmoja.

Mama Sue, vituo hivyo vilikutana kweli, katika hoteli moja hapa Nakuru, mimi nikiwa nje nasubiri na Thuo akiwa upande wa pili wa maegesho kwa sababu tumekatazwa kuonekana pamoja. Kamande aliniambia baadaye kwamba mambo ya ndondi yenyewe yaliisha kabla chai haijapoa, glavu, refa, malipo, wote wakakubaliana, kisha wakaanza kubishana ni watangazaji wa nani watakaozungumza, nembo ya nani ikae katikati ya ulingo, nani atawauzia watu pigano kwenye simu, na mwishowe mkutano ukavunjika kwa sababu kila kituo kilitaka kurudia kuonyesha pigano Jumapili mchana watu wakitoka kanisani. Kwa hiyo mimi sijaoa kwa sababu ya marudio ya Jumapili.

Mwezi uliopita ndio aibu ikazidi. Jackie alinialika kwao, binamu yake amemaliza chuo, nikafika tu nikaona gari la Zumari TV langoni, wamekuja kumchukua Thuo picha akiwa nyumbani, nikakumbuka mkataba wangu, nikaingiwa na hofu nikakimbilia nyuma ya tangi la maji nikachutama huko na shati langu jeupe. Aliyenikuta ni mzee Gathogo mwenyewe. Akaniuliza, "Unatafuta nini huko?" Nikamwambia nangoja kamera ziende. Akanitazama weee, akasema, "Kwa hivyo hata kusalimia watu kwangu lazima TV ikubali?" Halafu akaenda akaniletea kiti. Nikala pilau yangu nyuma ya tangi, mimi, bondia ambaye hajashindwa.

Sasa mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka na Kamande ameleta mwingine wa miaka mitatu, masharti yale yale, malipo mazuri zaidi, anataka nisaini mwezi huu. Nisiposaini sina pa kupigana. Nikisaini simpati Thuo, na bila Thuo simpati Jackie. Jackie mwenyewe amechoka, juzi aliniuliza kwa simu, "Wewe unataka kunioa mimi ama unataka kupiga kaka yangu?" na mimi nikachelewa kujibu, naye akakata. Ukweli ni kwamba navitaka vyote viwili, kwa sababu nisipopigana na Thuo watu watasema maisha yangu yote kwamba nilimkimbia, na hilo linaniuma kuliko konde lolote nililowahi kupigwa. Nisaini? Nimwambie mzee pigano limekufa na moyo wangu haujakubali? Maji yamenifika shingoni, naomba jibu haraka.

Bwana Harusi wa Kusubiri,
Kaptembwo

MAMA SUE ANAJIBU

Majina yote nimeyabadilisha, ya watu na ya vituo, ingawa sidhani nimemdanganya mtu yeyote Nakuru. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka hadi wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Naomba radhi. Pole sana, mwanangu. Sasa vua glavu tuongee.

Nianze na kukugombeza. Msichana anakuuliza kama unamtaka yeye au unamtaka kaka yake, na wewe unachelewa kujibu? Kutaka vyote viwili si kosa, wewe ni bondia na hiyo ndiyo kazi uliyoichagua, lakini ungesema hivyo hivyo kwa mdomo badala ya kumwachia kimya cha kujitafsiria. Usimtumie ujumbe wa simu wenye picha za maua. Panda gari uende Molo, simama mbele ya duka lake, umwombe msamaha huku wenye ng'ombe wagonjwa wakisikia. Watakucheka, na yeye atafurahi.

Pili, hao watu wa televisheni hujawaelewa. Nilimuuliza Kiplangat, mwenzangu wa kurasa za michezo, ambaye amekuwa akiandika ndondi tangu wewe ukiwa kwenye nepi, akaniambia kitu kimoja ambacho Kamande hawezi kukwambia: kituo hakikulipi ili ujue nani mkali kati yako na Thuo, kinakulipa ili Jumamosi isiwe tupu. Ukimlaza yule mgeni asiyejua raundi ni dakika ngapi, Jumamosi imejaa, mdhamini amefurahi, na wewe bado hujashindwa. Ukipigana na Thuo, kituo kimoja lazima kirudi nyumbani na bondia aliyepigwa. Sasa waharakishe kwa nini? Wanaamini pigano lenu haliozi, kwamba mwaka ujao litatakiwa zaidi na mwaka wa kufuata zaidi tena. Wala hawakuchukii. Wanafanya biashara yao, na biashara yao ni kungoja.

Lakini kuna jambo hawalijui, na hapa ndipo ninapotaka kukuvuta sikio. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza mpaka pilau, na sijaona mahali popote ulipomwambia Kamande alichosema mzee Gathogo. Umekaa mwaka mzima na silaha mfukoni. Ukishaoa, pigano limekufa, halitafufuliwa kwa pesa za mtu yeyote, kwa sababu hakuna baba wala mjomba wa pande zote mbili atakayekubali mashemeji wapigane. Yaani pigano lenu linaoza, tena linaoza siku utakayolipa mahari. Wenye vituo hawana haraka kwa sababu hakuna aliyewaonyesha siku hiyo kwenye kalenda.

Basi waonyeshe. Wewe umekuwa ukingoja pigano ili upewe tarehe ya mahari. Geuza mambo, omba tarehe ya mahari kwanza.

Anza na Thuo. Acheni mchezo wa kusimama pande mbili za maegesho, huyo ni ndugu yako mtarajiwa. Mpigie, mkutane bila kamera, muulize kama naye anataka pigano. Nina hakika anataka. Kisha rudi kwa mzee na wajomba zako, umwambie kwa adabu: "Mzee, tupe siku ya kuleta mahari. Tukipigana kabla ya siku hiyo, ni sawa. Tusipopigana, mimi na Thuo tumemalizana, na tutalisema hilo mbele yako." Mzee aliyekuletea kiti nyuma ya tangi hatakufukuza kwa maneno hayo. Alichotaka ni kimoja, mtoto wake asipigwe na mkwe wake, na utakuwa umempa.

Ukishapata tarehe, wewe umwambie Kamande na Thuo amwambie promota wake, siku moja, maneno yale yale. Nguvu ya hao watu ni kwamba nyinyi wawili hamzungumzi. Halafu uniletee hiyo tarehe niichapishe hapa, na Kiplangat ataichapisha kwake. Uone kama waliogombania marudio ya Jumapili hawatakumbuka ghafla kwamba vituo viwili vinaweza kuonyesha pigano moja, kila kimoja na watangazaji wake. Kiplangat anasema kwingine duniani jambo hilo limewahi kufanyika, na hakuna aliyekufa.

Mkataba usiuguse mpaka umetoka Molo. Kamande akikubana, mwambie utachukua wa mwaka mmoja, tena uwe na kifungu kinachokuruhusu kupigana na Thuo kwenye vituo vyote viwili, na kingine cha kukuruhusu kuhudhuria sherehe za wakwe zako ukiwa umesimama wima. Mpe Jackie ausome kabla ya kuupeleka kwa wakili. Umesema mwenyewe ana akili kukushinda, na mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa za ng'ombe hatashindwa na ya Mkuki TV.

Sasa nikwambie lisilo tamu. Inawezekana vituo vitang'ang'ana, tarehe ifike, na usipigane na Thuo maisha yako yote. Stejini watasema ulimkimbia. Itauma, na siwezi kukudanganya kwamba itauma kidogo, maana mimi mwenyewe nimeanza kulitaka hilo pigano na sijawahi kutazama ndondi. Kwa hiyo kabla hujapanda gari la Molo, jiulize kama unaweza kuishi na hilo. Kama huwezi, usimsumbue mzee wala binti yake. Saini miaka yako mitatu, walaze wageni wako kila Jumamosi, na umwache Jackie aolewe na mtu mwenye nafasi.

Kama unaweza, nenda wiki hii. Vituo vikikubaliana kabla ya siku ya mahari, panda ulingoni umpige Thuo kwa roho safi, naye akupige. Visipokubaliana, vaa suti ukaoe.