Maswali ya Kumuuliza Mama

Jumanne, 3 Juni 1997
Nimeziba pancha tatu nikafunga kibanda mapema. Hapa Karurumo kazi hakuna hata hivyo. Nimesoma kile kitabu cha sheria nilichoazima mpaka macho yakauma. Dadangu Wanja ako rumande. Ati alimwambukiza Njeru ukimwi akijua ako nao. Njeru, yule alikuwa amuoe. Wakili hatuna. Serikali inapea wakili mtu wa kesi ya kuua peke yake. Kwa hivyo wakili ni mimi, na siruhusiwi hata kusimama. Nitaandika maswali, Wanja atayauliza mwenyewe.
Hasira sina. Sijui imeenda wapi.

Ijumaa, 6 Juni
Korti, Embu. Nesi amesema Wanja alipimwa mwaka jana akiwa amelazwa, na majibu yakatolewa. Wanja akasoma swali langu: "Mlimwambia nani?"
"Tuliambia mzazi. Wewe ulikuwa mgonjwa sana, hata chakula ulikuwa unakataa."
Nikaruka! Sheria inataka awe alijua! Hakujua! Askari akanivuta shati. "Kijana, kaa, ama ulale ndani."
Nimefika stendi ndio nikafikiria. Baba alikufa zamani. Mzazi ni Mama.

Jumapili, 8 Juni
Mama hakuenda kanisa. Nimemuuliza jikoni. Hakukataa. Daktari alimwita kando akamwambia. Yeye akamwambia Wanja ni malaria na kuishiwa damu. Na watu wa Njeru walipoleta mbuzi za kwanza za mahari, akazipokea. Akijua.
"Utasema hivyo kortini?"
"Nyaga, mwanangu, mbele ya watu wa Njeru? Na akina mama wa kanisa?"
"Ama Wanja afungwe."
Akaendelea kuchambua maharagwe ya njahi. Sikumchukia. Sikusikia kitu moyoni. Hiyo ndio inanishtua.

Jumatano, 11 Juni
Mama alikuja. Kitambaa cha akina mama wa kanisa alikiacha nyumbani. Na kwa sababu hatuna wakili, ni Wanja alimuuliza, kutoka kizimbani. Uliambiwa? Niliambiwa. Uliniambia? Sikukuambia. Kuna mtu mwingine aliniambia? Hakuna.
Nyuma watu wa Njeru wakaanza: "Mama gani huyu! Na mbuzi zetu akala!" Hakimu akagonga meza.
Maswali yangu yalikuwa yameisha. Wanja akaweka karatasi chini.
"Kwa nini, Mama?"
Hakimu akasema hilo si la kesi. Mama akajibu tu, kwa Kiembu. Karani akatafsiri polepole: "Ulikuwa umeanza kula tena."

Alhamisi, 19 Juni
Ameachiliwa. Hakuna ushahidi kwamba alijua, hakimu amesema. Nilidhani nitapiga nduru. Nilisimama tu kama mti.
Njeru alikuwa nje, ameegemea ukuta. Amekonda vibaya. Wanja akasimama mbele yake.
"Pole."
"Hata wewe."
Basi. Tukapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Jumatatu, 23 Juni
Baridi na ukungu. Kibanda sijafungua. Wanja ameenda hospitali asubuhi, peke yake. Amekataa nimsindikize. Anataka wampime tena, na majibu aambiwe yeye.
Mama alikuwa amejaza uji kwa chupa, amejifunga leso, amfuate.
Nikamwambia, "Wacha, Mama."
Akaketi. Mimi pia nikaketi. Saa sita tukaunywa huo uji, sisi wawili.